Kweli au Si Kweli: Laptopu Nyembamba Saa Nane Mchana Mpanda

Tumbaku ikishauzwa na mpunga ukishaingia ghalani, Mpanda, hapa kwetu Katavi, huingia msimu wa harusi, na mimi huingia msimu wa maswali. Wapigapicha wenzangu wa Kashaulili na Makanyagio, vijana wanaorekodi kwaya, mabinti wanaobuni kadi za mialiko, wote huja na jambo moja: je, niuze hii mashine yangu nzito, nijazie fedha, nichukue ile laptopu nyembamba ya bei kubwa? Tunazungumzia MacBook Air, Dell XPS, Asus Zenbook, ThinkPad X1 Carbon, LG Gram na ndugu zao, mashine ambazo mtu halipi bila kuumia. Kwa anayeishi kwa kazi ya kamera hapa kwetu, hiyo ni fedha ya harusi nyingi.

Mimi ninayo MacBook Air ya M2, na nimeitumia misimu mitatu. Nimekatia humo video za harusi na sendofu, nimebuni lebo za asali, nimesafiri nayo hadi Karema kandoni mwa Ziwa Tanganyika na hadi Inyonga. Mengi ninayoyasikia kuhusu mashine hizi yanatoka kwenye video za watu waliozijaribu ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi. Mimi nazipima saa nane mchana, chini ya paa la bati. Nitayachukua maneno hayo moja moja.

"Haina feni, kwa hiyo joto la Katavi litaiua."

Nusu kweli, na nusu hizo mbili zote ni muhimu. MacBook Air haina feni kabisa tangu toleo la M1 lililotoka Novemba 2020. Joto la prosesa linasambaa kwenye bati la alumini na kutoka lenyewe. Likizidi, prosesa haiungui. Inapunguza mwendo hadi ipoe. Apple wenyewe wanaandika kwamba mashine itumike mahali penye nyuzijoto 10 hadi 35. Oktoba, kabla mvua hazijaanza, chumba cha Mpanda kisicho na dari kinaweza kuipita hiyo 35 mapema mchana.

Nililiona hilo kwa macho Sitalike, kijiji kilicho mlangoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, pale viboko wanapojazana kwenye matope ya Mto Katuma kiangazi kikikolea. Nilikuwa nimelala kwa mama mmoja anayepangisha vyumba. Saa nane mchana nikaiweka laptopu mezani, juu ya kitambaa chake cha kufuma, nikaanza kurenda video ya kwaya ya dakika arobaini. Mwanzoni mstari ulikimbia. Ulipofika robo hivi ukaanza kusuasua, unasogea kidogo, unasimama, unasogea. Nikagusa ule ukanda wa bati ulio kati ya kibodi na kioo, vidole havikukaa. Mama akapita na ndoo yake, akaangalia, akasema, "Mwanangu, umeifunika hivyo kama mgonjwa wa homa. Toa hicho kitambaa." Akaleta vikombe vinne vya bati, akavipindua, tukailaza laptopu juu yake hewa ipite chini. Baada ya muda mstari ukapata nguvu tena. Haukurudia kasi ya mwanzo, lakini haukusimama.

Sasa nusu ya pili. Kuanzia Juni hadi Oktoba, barabara ya vumbi ikipitisha lori moja tu, kila kitu ndani ya nyumba kinabadilika rangi. Laptopu yenye feni inalivuta vumbi hilo kwa nguvu zake yenyewe. Nimesimama kwenye meza ya fundi akifungua moja ya gemu: kati ya feni na bomba la kupoozea kulikuwa na utando mzito kama blanketi, akaubandua mzima kwa kibano. Isiyo na feni haina tundu la kuvutia hewa. Kwa joto, zenye feni zinaishinda. Kwa vumbi, yenyewe inazishinda. Mimi nakata video mchana na kurenda alfajiri, saa kumi na moja, hewa ikiwa bado ya baridi. Tangu nianze hivyo sijachelewesha kazi ya mtu kwa sababu ya joto.

"Ya gemu, yenye kadi kubwa ya michoro, ndiyo mashine ya video."

Hapa watu wengi wanapoteza fedha, na inaniuma, kwa sababu kosa halionekani dukani. Jibu liko kwenye kamera yako.

Kamera nyingi za miaka ya karibuni, zikiwemo za Sony ambazo zimejaa kwenye harusi zetu, zinaweza kurekodi kwa H.265 ya biti 10, rangi 4:2:2. Maana yake, rangi nyingi zaidi zimehifadhiwa, lakini faili limebanwa mno na kulifungua ni kazi nzito. Baadhi ya chipu zina sehemu maalumu ya kulifungua, nyingine hazina. Chipu za Apple kuanzia M1 zinayo. Za Intel zenye michoro ya ndani zinayo tangu kizazi cha 11. Kadi za NVIDIA hazikuwa nayo mpaka mfululizo wa RTX 50 ulipotoka mwaka 2025. Kwa hiyo mtu anachukua laptopu ya gemu yenye prosesa ya AMD na RTX ya mfululizo wa 30 au 40, kilo mbili na nusu, feni zikilia kama mashine ya kusaga, halafu video yake ya kamera inakatikakatika. Jirani yake mwenye laptopu nyembamba ya Intel isiyo na kadi yoyote kubwa anaikata video hiyohiyo bila shida. Yule wa kwanza anadhani ameuziwa feki. Hajauziwa feki, hakuna aliyemwambia aulize swali hili.

Ukifanya kazi za 3D kwenye Blender, au unasafisha chenga za video ya usiku kwenye DaVinci Resolve, kadi kubwa inashinda na haina mpinzani. Kama kazi yako ni kukata, kupanga, kurekebisha rangi na kutoa, beba kadi yako ya kamera hadi dukani, pachika faili lako mwenyewe, ulicheze kabla hujatoa hata shilingi. Na kama tayari unayo mashine inayokwama, usiiuze kesho. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za video zako, ukate kwa hizo; programu itarudi kwenye faili halisi wakati wa kurenda. DaVinci Resolve ya bure inafanya hivyo na inatoa video hadi 4K.

"Betri inakaa saa 18."

Si kweli kwa kazi yetu. Hizo saa 18 Apple walizipata kwa kuchezesha filamu, mwangaza wa kioo ukiwa umepandishwa hatua nane tu kutoka chini. Mimi nikikata video mfululizo napata kama saa sita.

Hata hivyo, ukiniuliza kwa nini bado ninaitumia, jibu liko hapahapa kwenye umeme. Siyo urefu wa chaji. Ni udogo wa mlo wake.

Mpanda imeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli ya TANESCO kabla ya kujengewa njia ya kilovoti 132 kutoka Tabora kupitia Ipole na Inyonga. Waliokulia hapa wanajua kufanya kazi kwa kuvizia umeme. Na ukitoka mjini, kazi nyingi bado zinakukuta kwenye nyumba zenye sola. Betri ya M2 Air ina watisaa 52.6, na chaja iliyokuja nayo ni ya wati 30. Chukua betri ya sola ya volti 12 na ampeasaa 100. Kwa karatasi ina watisaa 1,200. Kwa kuwa betri ya risasi haitakiwi kushushwa chini ya nusu, una 600 za kutumia. Toa zinazopotea njiani, utaijaza laptopu hii mara tisa hivi. Laptopu ya gemu yenye chaja ya wati 230, ikifanya kazi kwa nguvu zake zote, itazimaliza hizo 600 katika muda usiofika saa tatu, tena itahitaji inveta kubwa ambayo nayo inakula.

Nyembamba haihitaji inveta. Inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo chaja ya gari yenye wati 65, ile inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha gari, inatosha na kubaki. Nimetoka Mpanda kwenda Karema laptopu ikichaji ndani ya Land Cruiser, nikafika imejaa, nikafanya kazi usiku katika nyumba isiyo na umeme. Na jambo moja zaidi: chipu za Apple hazipunguzi kasi ukichomoa waya, wakati nyingi za gemu zinalegea mara tu zinapobaki kwenye betri. Mtu anayefanya kazi zake zote mjini kwenye soketi hana sababu kubwa ya kulipia hili. Mimi nalilipia kwa moyo mweupe.

"Uzuri wake mkubwa ni wepesi."

Si kweli. Mashine yangu ni kilo 1.24. Ongeza kamera, lenzi tatu, taa, tripodi, betri na maikrofoni, uone kama mgongo wako utautambua upungufu huo. Tena nyembamba nyingi hazina tundu la kadi ya kamera. MacBook Air ina matundu mawili ya USB-C na lile la chaji, XPS 13 za karibuni zina mawili tu. Utabeba adapta, na mimi nashauri ubebe mbili, kwa sababu ikifa moja ukiwa Kibaoni jioni ya sherehe hakuna duka la kukukomboa.

Na begi lisiwe jeusi wala la bluu kama unaelekea hifadhini. Mbung'o huzifuata rangi hizo mbili kuliko nyingine, na mbung'o wa Katavi anauma juu ya shati.

"GB 8 za Apple ni sawa na GB 16 za wengine."

Neno hili lina mwenyewe. Novemba 2023 Bob Borchers, mmoja wa wakuu wa Apple, alisema kwamba memori ya GB 8 kwenye MacBook Pro ya M3 huenda ikafananishwa na GB 16 za mashine nyingine. Si kweli. Memori ikijaa, mashine inaanza kuhamishia kazi kwenye diski, na diski hata iwe na kasi gani haiifikii memori. Utaliona hilo siku ukifungua mradi wa harusi, picha mia mbili na kivinjari kwa pamoja. Oktoba 2024 Apple walizipandisha MacBook Air za M2 na M3 kuanza na GB 16 kwa bei ileile. Hilo linatosha kuwa jibu.

Memori ya nyingi ya mashine hizi imechomelewa, huongezi baadaye. Kwa hiyo fedha yako ya ziada iende kwenye memori, siyo kwenye diski ya ndani. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Kamera mbili kwa saa sita za sherehe ni GB 540. Hakuna diski ya ndani ya bei ya kawaida itakayobeba msimu. Nunua SSD ya nje. Lakini epuka M2 Air ya GB 256: ilitoka na chipu moja ya kuhifadhia badala ya mbili, na kasi yake ya kusoma ilikuwa karibu nusu ya M1 iliyoitangulia.

Na ile stika ya AI kwenye laptopu mpya, kwa mpiga picha wa harusi, haibadilishi kitu kikubwa. Ila ukiona laptopu ya Windows imeandikwa Copilot+, ujue ina memori ya GB 16 au zaidi, kwa sababu hilo ni sharti la Microsoft.

"Kioo chake kinaonyesha rangi za kweli."

Kinaonyesha rangi nzuri, na hapo ndipo mtego ulipo. Asali ya Katavi, hasa ile ya Inyonga na misitu ya miombo ya Mlele, ni bidhaa yetu ya kujivunia, na wafugaji nyuki wengi wanataka lebo ya kuipeleka sokoni. Nilimbunia mzee mmoja lebo yenye rangi ya asali inayopigwa na jua. Kwenye kioo ilikuwa inawaka. Zilipotoka kiwandani, zilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Mzee akaiweka lebo moja kando ya chupa yake, akazitazama mbili hizo kwa muda mrefu, akasema, "Kijana wangu, asali yangu haijaungua."

Wachapaji hawakuwa na kosa. Vioo vingi vya mashine hizi vinaonyesha rangi za upana wa P3, na machungwa makali yaliyo humo hayamo kwenye wino wa mashine ya kuchapa, wenye samawati, zambarau-nyekundu, njano na nyeusi. Kioo cha OLED kinaongeza mtego, kwa kuwa kinatoka kiwandani kikiwa kimekolezwa ili kivutie dukani. Kwa picha za kusafisha na za simu, kipeleke kwenye hali ya sRGB. Kwa lebo, fanya kazi kwenye CMYK tangu mwanzo, omba karatasi moja ya majaribio, uitazame nje kwenye kivuli mchana, siyo chini ya taa ya dukani. Lebo za mzee nilizichapisha upya kwa fedha yangu, na rangi niliichagua nikiwa nimeshika chupa yake mkononi.

Kuhusu jua: niti 500 za MacBook Air hazitoshi uwanjani saa sita. Hilo ni kweli tupu. Tafuta mwembe.

"Chukua mtumba kutoka nje, ni uleule kwa nusu bei."

Mtumba mzuri upo, na wengi wetu tumeanza nao. Lakini kuna miaka ya kukwepa. MacBook nyingi za 2015 hadi 2019 zilikuwa na kibodi ya vitufe vifupi sana, iliyoitwa ya kipepeo, ambayo chembe moja ya vumbi ingeweza kukifanya kitufe kigande au kirudie herufi. Malalamiko yalikuwa mengi hadi Juni 2018 Apple wakafungua mpango wa kuzitengeneza bure, na kuanzia mwisho wa 2019 wakaanza kuachana nayo. Kibodi iliyoshindwa na vumbi la California ndiyo hiyo inayouzwa rahisi kwetu leo. Mashine hizo pia zina prosesa za Intel, na Apple walitangaza Juni 2025 kwamba macOS 26 ndiyo ya mwisho kupokea Mac yoyote ya Intel.

Jambo la pili ni kufuli. Mac nyingi za mtumba zilikuwa mali ya kampuni au shule, na bado zimeandikishwa huko. Muuzaji ataiwasha, utaona inafanya kazi. Siku utakayoifuta na kuianza upya ikiwa mtandaoni, itakuambia inasimamiwa na mwenyewe, au itadai akaunti ya mtu usiyemjua. Mdogo wangu wa kazi aliniletea moja ya namna hiyo kutoka duka moja la mjini mbali na hapa. "Kaka, si utajua njia?" Hakuna njia. Mwambie muuzaji aifute mbele yako, iwashwe kama mpya, iunganishwe na intaneti ya simu yako, ifike hadi mwisho. Akikataa, nyanyuka uondoke.

"Ikiharibika, Mpanda hakuna wa kuitengeneza."

Kweli kwa sehemu kubwa, na nasema hivi nikiwaheshimu mafundi wetu. Kioo, betri, waya wa chaji, wanaweza, kifaa kikipatikana. Kinaagizwa Dar es Salaam na kusubiriwa. Shida ni ubaoni. Kwenye laptopu ya zamani fundi angechomoa diski, akaipachika kwenye mashine nyingine, harusi ya mtu ikaokoka. Kwenye MacBook Air hakuna cha kuchomoa, chipu za kuhifadhia zimechomelewa ubaoni. Ubao ukifa, faili zimekufa nao. Dell XPS 13 nyingi na X1 Carbon zina diski ya kuchomoa, japo memori imechomelewa. Kama roho yako inatulia kwa kujua hilo, lipe uzito unapochagua. Mimi ningelipa uzito mkubwa kama ningekuwa naanza upya.

Soda ya bibi harusi iliwahi kumwagikia kibodi yangu ukumbini, saa nne usiku, kabla hata keki haijakatwa. Niliizima palepale, nikaigeuza kifudifudi juu ya taulo, sikuigusa kwa siku tatu. Iliwaka. Tangu usiku ule kadi za kamera hazifutwi mpaka video ziwe kwenye diski mbili za nje. Moja inabaki dukani kwangu. Nyingine, kila mwisho wa mwezi, namkabidhi konda wa basi la Tabora ikiwa ndani ya kopo la maziwa ya unga lililozibwa kwa selotepu, na dada yangu anaipokea stendi.